Mwenye Shamba Hana Swala wa Kutoa

Katika majimbo mengi ya Marekani, atakaye kuwinda kulungu kwa upinde na mshale katika shamba la mwenzake huhitaji ruhusa mbili. Ya kwanza ni leseni ya jimbo, kwa kuwa mnyama wa mwituni ni amana ya umma. Ya pili ni idhini ya mwenye ardhi, ambaye hubishiwa hodi, akaombwa, naye akakubali au akakataa. Je, mwindaji huyo akifika Olkaria, amwombe nani?

Jibu la sheria ni fupi: hakuna wa kuombwa. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 nayo haikumhurumia hata anayetafuta kitoweo tu. Ilimwekea faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Mwenye shamba aweza kumkaribisha mgeni kwake, lakini hawezi kumpa swala hata mmoja.

Hata hivyo, swala huyo hula kwa nani? Mbuga ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984, ina ukubwa wa kilomita mraba 68 hivi, na ndani yake mna mabomba na mitambo ya umeme wa mvuke. Swala, pundamilia, kongoni na nyati hawajui mpaka uliochorwa Nairobi. Huvuka wakaingia katika mashamba makubwa na malisho ya Wamaasai, wakala nyasi pamoja na ng'ombe. Mfugaji huwalisha wageni hawa bila kuulizwa.

Marufuku hayo hayakuzuka hivi hivi. Katika miaka ya 1970 ndovu na vifaru waliuawa kwa wingi wa kutisha, na safu hii haitetei kuua kwa anasa. Lakini suala la ruhusa lina historia chungu. Enzi za ukoloni, Mzungu mwenye bunduki alinunua leseni akaitwa mwindaji. Mwafrika mwenye upinde, aliyerithi ujuzi huo kwa babu zake, akaitwa jangili. Waogiek wa Mau, ambao uwindaji na asali vilikuwa maisha yao, walifukuzwa msituni, hata Mahakama ya Afrika kule Arusha ikaamua, Mei 2017, kwamba Kenya ilikiuka haki zao za ardhi na utamaduni.

Mapema katika miaka ya 1990 yalifanywa majaribio. Baadhi ya wenye mashamba, wakiwemo wa Naivasha, waliruhusiwa kuvuna idadi maalumu ya wanyama na kuuza nyama na ngozi. Mwaka 2003 mpango huo ulifutwa. Wapinzani wake walidai kwamba usimamizi ulikuwa hafifu na kwamba faida iliwaendea wenye mashamba makubwa. Kama ndivyo, dawa ilikuwa kuusahihisha mgawo, si kumwacha mfugaji mikono mitupu.

Kweli, sheria ya 2013 iliutambua uhifadhi kuwa matumizi halali ya ardhi, na ikaahidi fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Lakini je, lazima mtu afe ndipo akumbukwe? Nyasi zinazoliwa mwaka mzima pia zina thamani. Mfugaji asipolipwa chochote kwa kuacha njia wazi, atauza viwanja na kujenga ua. Na ua, wasomaji wapenzi, huwamaliza swala kuliko mishale, maana huwanyima maji na malisho.

Basi tusirudishe bunduki wala upinde. Tumrudishie mwenye ardhi sauti. Alipwe kodi ya malisho, na ashirikishwe kabla maamuzi hayajapitishwa. Walimu wa Historia na Jiografia wawape wanafunzi hoja hii katika mijadala yao: mnyama ni wa taifa zima, mbona gharama iwe ya jirani mmoja? Wahenga walinena, asiyekuwapo na lake halipo.