Injini Ndogo Inayovuja Oili: Tafuta Sababu Kabla ya Kununua Sili

Mkulima mwenye injini ndogo ya petroli ya kuvutia maji ajua hasara inayompata injini hiyo ikisimama wakati wa kiangazi, mboga zikiwa bado changa. Injini nyingi za namna hii huharibika kwa kukosa oili. Injini ya pampu ya ukubwa wa kawaida huchukua oili lita 0.6 hivi, basi. Ikivuja matone machache kila siku, haupiti muda mrefu kabla ya chuma kusagana na chuma ndani yake, na injini hukwama kabisa. Kwa hiyo usiudharau ule unyevu mweusi unaouona chini ya injini yako.

Lakini usikimbilie dukani kununua sili mpya, yaani ule mviringo wa mpira unaozuia oili pale shafti inapotokea nje. Wako wakulima waliotia sili mpya, na baada ya juma moja oili ikavuja tena. Sababu yake ni hii. Kila mara pistoni inaposhuka, husukuma hewa iliyomo katika tumbo la injini. Kwa hiyo watengenezaji waliweka tundu la kupumulia lenye valvu ndogo, ili hewa itoke. Tundu hilo likizibwa na uchafu, hewa haina njia, nayo huisukuma oili itokee mahali palipo dhaifu. Mara nyingi mahali hapo ni kwenye sili. Ukiweka sili nyingine bila kuzibua tundu, umetupa fedha zako bure. Oili ikizidi kipimo huleta shida iyo hiyo, na pia ringi za pistoni zikiwa zimelika, kwa maana moshi hupenya na kushuka tumboni.

Basi anza kwa kupima. Weka injini mahali palipo sawa, ikiwa imepoa, uangalie kijiti cha kupimia kama kitabu cha injini kinavyoagiza. Ikiwa oili imepita alama, punguza. Ikiwa imepanda nawe hukuongeza kitu, inuse. Ikinuka petroli, usiiwashe injini hata kidogo! Petroli inashuka kutoka kwenye kabureta, na oili iliyochanganyika nayo ni nyepesi mno, haiwezi kulinda chuma. Funga bomba la petroli, mwite fundi atengeneze kabureta, kisha mwaga oili yote utie mpya. Wala usifanye kazi hii ukivuta sigara.

Kama kipimo ni sawa, ondoa waya wa plagi ili injini isiwake kwa bahati mbaya, ndipo uioshe kwa maji ya sabuni na brashi. Usitumie petroli kuoshea, wala usiache maji yaingie kwenye kichujio cha hewa. Ikikauka, nyunyizia poda kidogo mahali unapopashuku, urudishe waya, uiendeshe kama dakika kumi, kisha uizime. Sasa tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa. Oili hutiririka chini, na upepo wa feni huipeperusha pia, hata mahali inapodondokea huenda pakawa mbali na mahali inapotokea. Pengine utakuta ni bolti ya kumwagia oili tu, ambayo washa yake imechakaa.

Wenye trekta dogo la kukatia nyasi nao wafuate njia hii hii. Ila katika matrekta mengi ya namna hiyo shafti husimama wima, kwa hiyo oili ya sili ya chini huangukia mkanda, na mkanda huanza kuteleza.

Kabla ya kufungua kitu kingine, safisha tundu la kupumulia pamoja na bomba lake linaloelekea kwenye kichujio cha hewa. Kichujio kilicholowa oili ni dalili kwamba huko kuna kasoro, au kwamba injini ililazwa vibaya. Endesha tena uone.

Ikiwa sili bado inavuja, ndipo ibadilishwe. Itoe bila kukwaruza shafti, kwa kuwa mkwaruzo mdogo tu utaikata sili mpya. Zungusha karatasi laini ya plastiki juu ya mfereji wa shafti, pakaza oili kwenye mdomo wa sili, na upande wenye springi ndogo uelekee ndani. Igonge taratibu kwa bomba lenye upana ulio sawa nayo, isiingie upande. Lakini kwanza shika shafti uitikise: ikicheza, beringi zimelika, na sili mpya haitadumu. Hapo hapana budi fundi.

Gasketi ya kifuniko cha tumbo la injini usiikate mwenyewe kutoka katika karatasi ya boksi. Katika injini nyingine unene wake ndio unaoipimia shafti nafasi yake, na ukikosea shafti itabanwa. Nunua ya namba ile ile, kisha kaza bolti kidogo kidogo, ukivuka upande huu na upande huu.

Baada ya saa ya kwanza ya kazi pima oili tena. Ile ya zamani iweke katika debe lenye kifuniko, mbali na mfereji wa maji ya shamba.