WIMBI LA BARAJE: UJUE NJIA YAKE MBELE YA HATARI



Kwa dispensere tunafunga vidonda na kupiga sindano. Lakini baraje ikivunjika, bandeji haitoshi. Anayeokoa watu ni yule aliyehesabu mbele. Leo tuone hesabu hiyo.

Usiku wa tarehe 2 desemba 1959, kule Ufaransa, baraje ya Malpasset ilivunjika saa tatu na dakika 13. Mvua kubwa ilikuwa imejaza ziwa, na mwamba wa upande mmoja haukushika. Kisha dakika karibu 20, maji yalifika mji wa Fréjus. Watu zaidi ya 420 walikufa. Dakika 20 zinatosha kupanda kilima, lakini kwa mtu aliyeonywa.

Je, wimbi linakimbia namna gani? Kina kikizidi, mbio inazidi. Kwa kina cha metre 10, wimbi linakwenda karibu metre 10 kwa segonde, ni kusema kilometre 36 kwa saa. Usifikiri utalishinda kwa miguu.

Mainjenieri wanafuata kanuni ambazo Mfaransa Saint-Venant alitoa mwaka 1871. Wanagawanya bonde kwa vipande vidogo. Kwa kila kipande, ordinateri inahesabu maji yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyobaki, tena na tena.

Lakini kuna mtego. Tia maji katika beseni, uyaguse kwa kidole: kiwimbi kinakwenda, kinagonga ukingo, kinarudi. Mto hauna ukingo kama huo, unaendelea mbele hata pale ramani inapoishia. Ordinateri ikiweka ukuta mwisho wa ramani, wimbi la uongo litarudi nyuma na kuharibu hesabu yote. Kwa hiyo wanaacha mlango wazi: wimbi likifika, litoke, lisirudi.

Na tunajuaje kama hesabu ni ya kweli? Kule Malpasset, maji yaliharibu transfo 3 za umeme, na saa umeme ulipokatika inajulikana. Wimbi la ordinateri linapaswa kupita pale kwa saa ileile.

Lakini hesabu bila matendo ni bure. Tarehe 25 januari 2019, kule Brumadinho, nchi ya Brazili, digi ya matope ya mgodi ilivunjika. Kantine na biro za wafanyakazi zilikuwa chini yake, na sirene hazikulia. Watu 270 walikufa.

Basi, ndugu, fanya haya:

1. Kama kuna baraje au digi juu ya mahali unapokaa, uliza mkubwa wa usalama: maji yatapita wapi, na yatafika kisha dakika ngapi?

2. Onyesha bibi na watoto njia ya kilima. Itembeeni pamoja siku ya mapumziko.

3. Ukisikia sirene, panda kando. Usikimbie kufuata mto.

4. Usirudi kuchukua redio wala kuku. Vitu vinanunuliwa, mtu hanunuliwi.