Kwa Nini Akiba Haikai Kwa Simu? Angalia Mpangilio Kabla ya Kujilaumu

Mshahara umeingia Ijumaa. Kufikia Jumamosi umelipa kodi ya nyumba, umenunua unga na tokeni za stima, na umemtumia mama kitu kidogo. Shilingi 2,000 zilizobaki ni za karo, na umeapa huzigusi. Ikifika tarehe 15, hazipo. Hakuna aliyekuibia. Zilitoka mia kwa mia: bando, nauli, binamu aliyekwama, soda ya jioni.

Hapo wengi wetu hujiambia, "Mimi sina nidhamu." Shida ya jibu hilo ni kwamba halikuambii ufanye nini kesho. Watu wanaochunguza tabia za binadamu wana njia bora ya kuliangalia jambo hili, na baadhi ya ushahidi wao mzuri umetoka hapa hapa Kenya.

Jiulize maswali matatu

Mwaka 2011, watafiti Susan Michie, Maartje van Stralen na Robert West walichapisha kielelezo rahisi cha tabia. Wanasema ili mtu afanye jambo lolote, anahitaji vitu vitatu: uwezo, nafasi na msukumo. Kimoja kikikosekana, jambo halifanyiki.

Uwezo: Unajua kufanya? Unajua jinsi ya kufungua akiba kwa simu yako, na makato ya kutoa ni kiasi gani?

Nafasi: Mazingira yanakuruhusu? Pesa ya karo ikikaa katika salio moja na pesa ya mboga, kila ukilipa kitu unaichota bila kujua.

Msukumo: Unataka kweli, na unataka wakati ule pesa iko mkononi?

Ushauri mwingi wa pesa hugonga mlango wa msukumo peke yake: jikaze, kuwa na nidhamu. Lakini mzazi anayetafuta karo ya mtoto wake tayari ana msukumo wa kutosha. Mara nyingi kinachomwangusha ni nafasi.

Masanduku ya chuma, na funzo lililoshangaza

Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio na wanachama wa vyama vya kuchangiana magharibi mwa Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kila mshiriki alitaja lengo la afya alilotaka kuwekea akiba. Kisha wakagawanywa katika makundi.

Kundi moja lilipewa sanduku la chuma lenye kufuli na tundu la kutumbukizia pesa, pamoja na ufunguo wake. Mtu angeweza kulifungua wakati wowote. Kundi lingine lilipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ulibaki na msimamizi wa mradi, mpaka lengo litimie.

Ungedhani kundi la pili lingefanya vizuri zaidi, si ndiyo? Haikuwa hivyo. Sanduku lenye ufunguo ndilo lililoongeza pesa zilizotumika kwa afya, kwa asilimia 66. Lile lililofungwa kabisa halikuleta tofauti kubwa kwa lengo hilo.

Sababu inaeleweka. Mtu wa kipato kidogo anajua mtoto anaweza kuugua usiku. Pesa asiyoweza kuifikia inamtia wasiwasi, kwa hivyo anaweka kidogo. Lakini kuitenga tu pesa, hata kama unaweza kuifungua, kulisaidia. Ikishaingia sandukuni, inabadilika kichwani: ni pesa ya kazi fulani. Na mtu akija kukopa, ni rahisi kumwambia "sina" ukimaanisha "iliyopo ina kazi yake."

Katika simu yako, sanduku hilo ni akaunti ya akiba iliyo kando ya salio la kila siku. Ipe jina la kazi yake: "Karo Januari", "Tairi ya boda". Jina kama "Akiba" tu ni rahisi kulisahau. Kama una wasiwasi wa dharura, usifunge zote. Gawanya: sehemu ndogo iwe ya kufunguka haraka, nyingine ikae hadi tarehe uliyochagua. Na usimpe mtu PIN yako ati akulindie. Hapo utakuwa umeondoa tatizo moja na kukaribisha kubwa zaidi.

Wakati ni nusu ya kazi

Jaribio lingine lilifanywa na Esther Duflo, Michael Kremer na Robinson huyo huyo, pia magharibi mwa Kenya, na likachapishwa mwaka 2011. Wakulima wengi walisema wangependa kutumia mbolea msimu unaofuata. Msimu ukifika, pesa ya mavuno ilikuwa imeisha. Watafiti wakawapa nafasi ya kununua mbolea mara tu baada ya mavuno, na kuletewa bila gharama ya usafiri. Punguzo lilikuwa dogo na la muda mfupi, lakini matumizi ya mbolea yalipanda.

Mkulima hakubadilika, wala hamu yake ya mbolea haikuongezeka. Kilichobadilika ni kwamba uamuzi ulimkuta pesa ikiwa bado mkononi.

Kwa hivyo usingoje kuweka akiba "ile itakayobaki". Weka siku ile ile pesa inapoingia. Kama una mshahara, panga ihamishwe yenyewe kila mwezi. Kama unapata kila siku, weka kila siku. Mwendesha boda anayeweka shilingi 100 kwa siku, siku 6 kwa wiki, atakuwa na shilingi 7,800 baada ya wiki 13. Hiyo ni takriban muhula mmoja wa shule.

Panga kwa "ikiwa" na "basi"

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango wenye saa na mahali una nguvu kuliko nia tupu. "Nitaweka akiba" ni nia. Mpango husema hivi: "Nikimaliza kufunga kibanda saa moja jioni, basi kabla sijatoka nitatuma shilingi 100 kwa Karo."

Andika pia jibu la yule binamu. "Akinipigia kuomba, nitamwambia nitamjulisha kesho." Siku moja inatosha kupiga hesabu bila presha.

Ukiteleza, rudi

James Prochaska na Carlo DiClemente walichunguza watu waliokuwa wakijaribu kuacha sigara, na mwaka 1983 wakaeleza kwamba mabadiliko huja kwa hatua: mtu anaanza kufikiria, anachukua hatua, kisha anajitahidi kuidumisha. Wengi hurudi nyuma njiani kabla ya kufaulu. Wiki uliyokosa kuweka haifuti wiki 5 ulizoweka. Usijaribu kulipa zote kwa mkupuo. Anza tena na mia ile ile leo.

Wengine pia wanaijua sayansi hii

BJ Fogg wa Chuo Kikuu cha Stanford anasema tabia hutokea pale msukumo, urahisi na kichocheo vinapokutana kwa wakati mmoja. Sasa fikiria meseji ya saa tatu usiku: "Umehitimu mkopo, bonyeza 1." Umechoka, pesa imeisha, na kinachohitajika ni kubonyeza mara moja. Kubeti hufanya kazi vivyo hivyo. Hata sisi tunatuma meseji, na una haki ya kuziangalia kwa jicho lile lile.

Dawa yake ni kuugeuza mpangilio huo. Kile kinachokula pesa yako, kifanye kiwe kigumu: futa programu, zima arifa, usikubali mkopo wowote baada ya saa mbili usiku. Kile kinachokujenga, kifanye kiwe rahisi: weka akiba iwe kitu cha kwanza unachoona ukifungua simu.

Tuseme ukweli pia. Kama mapato hayatoshi chakula, hakuna mpangilio utakaozaa pesa. Usijilaumu kwa kushindwa kutenga kisichokuwepo. Lakini kama kuna mia inayopotea kila siku bila kujulikana, hiyo tunaweza kuipa makao.

Fanya haya leo, kabla hujaweka simu chini:

1. Fungua akaunti moja ya akiba na uipe jina la kazi yake.
2. Chagua kiasi ambacho hata siku mbaya utakiweza.
3. Andika sentensi moja ya "ikiwa" na "basi", yenye saa na mahali.
4. Zima arifa moja inayokushawishi kutumia au kukopa.

Baada ya wiki 4 angalia salio. Kama halijasonga, rudi kwa yale maswali matatu. Uwezo, nafasi au msukumo: kuna kimoja kinakwama, na sasa unajua pa kukitafuta.