Kufundisha Majira ya Pasaka katika Shule ya Msingi

Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya huieleza Pasaka kuwa sikukuu ya majira ya kuchipua: theluji imeyeyuka, maua yamechanua, na watoto wanapaka mayai rangi. Mwalimu anayenakili maelezo hayo ubaoni hapa Sanya Juu huwafundisha wanafunzi hali ya hewa ya nchi nyingine, na maana ya sikukuu wasiipate. Mtoto wetu huiona theluji kileleni Kibo, lakini haishuki shambani kwao. Kwake Pasaka huja na masika, wakati wa kupanda mahindi na maharagwe. Kanuni ya ualimu ni kuanzia kwenye lijulikanalo. Basi na tuanzie hapo.

Jambo la kwanza ni tarehe. Wanafunzi huuliza kwa nini Krismasi haihami ilhali Pasaka huhama. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulitaka makanisa yote yaiadhimishe Pasaka siku moja. Kanuni iliyoenea ni hii: Pasaka ni Jumapili ifuatayo mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hesabu ya Kanisa. Kwa makanisa yetu mengi, basi, haitangulii tarehe 22 Machi wala haipiti tarehe 25 Aprili. Mwaka 2024 mwezi ulipevuka Jumatatu tarehe 25 Machi, na Pasaka ikawa tarehe 31 Machi.

Kalenda hiyohiyo ni zana nzuri ya hesabu. Jumatano ya Majivu ya mwaka 2024 ilikuwa tarehe 14 Februari. Wanafunzi wahesabu kutoka siku hiyo hadi Jumamosi Kuu: watapata siku 46. Wakiondoa Jumapili 6, zitabaki 40, ndizo siku za Kwaresima. Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, nalo lahusu arobaini, kwa ukumbusho wa siku ambazo Yesu alifunga jangwani. Baada ya Pasaka waendelee kuhesabu: Kupaa ni siku ya 40, Pentekoste ni ya 50.

Jambo la pili ni maana. Kwaresima ni muda wa kufunga, kusali na kuwasaidia wahitaji. Jumapili ya Matawi hukumbusha Yesu alivyoingia Yerusalemu. Alhamisi Kuu, karamu ya mwisho. Ijumaa Kuu, kifo chake. Na Pasaka, ufufuko. Hata mayai yana sababu: zamani Kanisa la Ulaya lilikataza kuyala wakati wa Kwaresima, yakalimbikizana hadi sikukuu.

Mifano iliyo karibu haikosekani. Injili ya Yohana, sura ya 12, yataja punje ya ngano ifayo udongoni ili izae. Ngano hulimwa Kilimanjaro Magharibi, na punje ya mahindi iliyofukiwa leo shambani mwa shule itaonyesha jambo hilo kabla ya juma kwisha. Tena, kwa desturi ya Wachagga, aombaye msamaha hupeleka jani la isale, na apelekewaye hatakiwi kulikataa. Isale si ibada ya Kanisa, na mwalimu aseme hivyo wazi. Lakini mtoto aijuaye ataelewa upesi upatanisho ni nini.

Jambo la tatu ndilo lililo gumu zaidi. Madarasa yetu yana Wakatoliki, Walutheri, Waislamu na wengineo. Mwalimu anapoeleza sikukuu katika somo la wote, yeye si mhubiri. Aseme, "Wakristo huamini kwamba," wala asimlazimishe mtoto yeyote kukiri au kuimba. Mwaka 2024 Ramadhani ilianza mwezi Machi, Kwaresima ikiwa bado inaendelea. Watoto wa dini mbili walikaa dawati moja, nyumba zao zote zikifunga. Hapo mwalimu awaache waelezane: nani hufunga, kwa saa zipi, na kwa nini. Mwezi wa angani wautazama wote wawili.

Katika andalio la somo, basi, tuandike madhumuni mawili: mwanafunzi aweze kuieleza tarehe ya Pasaka kwa kalenda, na aweze kueleza kwa heshima wanayoamini Wakristo, awe mmoja wao au asiwe. Akishindwa la pili, somo halijafaulu, hata kama hesabu yake ni sahihi.