Kwa nini waliogopa zaidi kisha dhoruba kutulia?

Wandugu, sisi wa Kalemie tunajua ziwa. Wavuvi wa ndakala wanaingia usiku na taa zao, zile siku mwezi hauko, na mama anabaki nyumbani anasikiliza upepo. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini ukianza kuvuma, hata mzee aliyezeeka juu ya maji anarudisha mtumbwi. Kwa hiyo Marko sura ya 4 ingepaswa kutugusa kuliko wengi. Lakini iko kitu kimoja pale ambacho kinatupita.

Ziwa la Galilaya ni dogo. Urefu wake ni karibu kilomita 21, wakati Tanganyika iko na karibu 670. Lakini dhoruba yake si ya kuchezea, na kati ya wale wanafunzi kulikuwa wavuvi wa kazi: Petro, Andrea, Yakobo, Yohana. Mawimbi yanajaza mtumbwi, Yesu amelala, wanamwamsha. Anakemea upepo, maji yanatulia. Sasa tungengoja waseme asante, tumepona. Hapana! Ni pale Marko anaandika kwamba hofu kubwa iliwashika, wakaanza kuulizana huyu ni nani.

Munaona? Dhoruba walikuwa wanaijua. Mvuvi anajua namna ya kushika kasia na kutoa maji ndani ya mtumbwi. Lakini huyu aliyekuwa amelala karibu nao, hawakuwa na kipimo chake.

Luka sura ya 5 iko vile vile. Petro amekesha bila kupata hata samaki moja. Kisha neno la Yesu, nyavu zinajaa mpaka zinaanza kukatika. Kwa mvuvi, ile ni siku ya kuimba. Yeye anaanguka kwa magoti, anaomba Yesu aende mbali naye, juu yeye ni mwenye zambi. Hofu yake haikutoka kwa balaa. Ilitoka kwa wema uliomupita kipimo.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa: kuko kuogopa, na kuko kucha. Mamba tunamwogopa, tunakimbia. Mungu tunamcha, tunakaribia na heshima. Katika Kutoka 20:20, Musa anaweka zote mbili pamoja: anaambia watu wasiogope, na palepale anasema Mungu amekuja ili hofu yake ikae kwao, wasitende zambi.

Ni kweli, karibu wote wanaanza na ile ya kwanza. Adamu alijificha. Isaya aliona amekwisha. Yohana kule Patmo alianguka kama maiti. Lakini angalia kinachofuata. Isaya anasafishwa midomo, anatumwa. Ezekieli anaambiwa asimame kwa miguu yake. Yohana anawekewa mkono, anaambiwa asiogope, aandike. Petro anaambiwa asiogope, tangu sasa atavua watu. Hofu, kisha neno la kuinua, kisha kazi.

Kwa nini ninaandika hii kwa watu wa unive? Juu kwetu hofu imekuwa biashara. Kijana amemaliza masomo, kazi haiko, mtu anamwambia iko laana ya ukoo, alete kwanza sadaka ifunguliwe. Mtoto anaitwa mchawi, anafukuzwa nyumbani. Na yote inafanywa kwa jina la Mungu.

Linganisha na Petro. Yeye alikuwa chini kwa magoti, na hakulipa kitu ili ainuliwe. Hakuna mtu aliyemwacha pale chini, tena hakuna aliyemwonyesha ndugu yake wa kulaumu.

Basi, siku mtu atakuogopesha kwa jina la Mungu, usibishane naye sana. Muulize tu maswali mawili: neno la kuniinua liko wapi? Na kazi unayonituma ni gani? Kama yeye anataka tu ubaki chini na mfuko wazi, ile si hofu ya Galilaya. Simama, uende.