Baruti Iliyopotea Kwenye Vichwa vya Habari

Kabla ya reli ya Kindu kwenda Kongolo kupitishwa Kibombo, njia kuu ya Maniema ilikuwa Lualaba. Mwaka 1888 James Sligo Jameson, ofisa katika msafara wa mpelelezi Stanley, aliupanda mto huo hadi Kasongo kumsihi Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, atoe wapagazi. Msafara huo, uliokwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Equatoria, ulikuwa umewaacha watu wake katika kambi ya Yambuya, wakiugua na kufa.

Wapagazi hao walikuwa ndani ya mkataba kati ya Stanley na Tippu Tip, uliofungwa Zanzibar mwezi Februari 1887. Tippu Tip alifanywa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Akaahidi pia wapagazi 600 wa kwenda Ziwa Albert na kurudi, pauni 6 kwa kila mmoja. Nao watabeba bunduki. Baruti itatoka kwa Stanley.

Hapo kwenye baruti ndipo ugomvi ulipo. Wapagazi walichelewa karibu mwaka mzima, wakafika pungufu. Stanley akaueleza ulimwengu kwamba amesalitiwa, na magazeti ya London yakaichukua habari kama ilivyo: Mwarabu amevunja ahadi. Tippu Tip alijibu kwamba baruti ya mkataba hakuiona. Lakini kichwa cha habari kina nafasi ya msaliti mmoja tu, si ya masharti ya pande mbili.

Stanley alifungua kesi Zanzibar, mahakama ya konseli wa Uingereza, na fedha za Tippu Tip zilizokuwa kwa tajiri Taria Topan zikazuiwa. Kesi ikaondolewa bila hukumu. Shutuma zilikwisha kusomwa na maelfu. Kuondolewa kwa kesi kulisomwa na nani?

Utetezi wa mshtakiwa ulikuja kusomwa baadaye, katika Maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, ambayo Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Karatasi nyingi za Stanley nazo, baada ya kukaa na jamaa zake, ziko Tervuren, Ubelgiji, na watafiti wanazisoma.

Wala karatasi hizo hazimsafishi Tippu Tip. Maniema haijasahau pembe zake zilibebwa na nani. Hata zile pauni 6 ziliandikwa kwa jina lake, si kwa jina la mbeba mzigo. Mmanyema aliyejulikana London aliitwa Sanga: alimpiga risasi Meja Barttelot, mkuu wa kikosi kilichoachwa Yambuya, Julai 1888, akahukumiwa Stanley Falls mbele ya Jameson na Tippu Tip, akauawa.