Tazama Sampu Kwanza: Kuitambua Giaboksi Nzito ya Gari la Zamani

Mjomba wangu hukata majani kwenye nyumba za watu hapa Ohio. Chombo chake cha kazi ni pikapu ya Chevrolet C10 ya mwaka 1972, na nyuma yake hufunga tela lenye mashine mbili. Julai iliyopita tulikuwa tunapanda kilima, injini ikanguruma lakini gari halikwenda. Oili ya giaboksi ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua. Bila pikapu hakuna kazi, na msimu wa majani huku ni mfupi.

Iliyoungua ilikuwa otomatiki ya gia tatu iitwayo TH350. Si giaboksi mbaya, ila kuvuta tela kila siku kuliishinda. Mjomba akaamua kuweka kaka yake mkubwa, TH400.

Giaboksi hiyo ilitoka mwaka 1964 kwenye Cadillac na Buick, kisha ikaenea kwenye magari mengine ya General Motors, malori madogo yakiwemo. Sifa zake zilivuka mipaka: Rolls-Royce waliitumia, Jaguar waliitumia, hata Ferrari waliiweka kwenye modeli yao ya 400 mwaka 1976. Ndiyo sababu hadi leo mafundi wa magari ya zamani wanaitafuta kwenye makaburi ya magari.

Sasa, ukiikuta imelala chini, imejaa vumbi, utaijuaje? Mwanzoni nilidhani ni suala la kuhesabu bolti za sampu. Mjomba akacheka. "Hesabu zote mbili," akaniambia. TH350 ina bolti 13. TH400 nayo ina bolti 13.

Tofauti ni umbo. Sampu ya TH350 inakaribia mraba, kona moja imekatwa. Ya TH400 haina umbo la kueleweka. Wamarekani huifananisha na ramani ya Texas. Kisha tazama ubavuni. TH350 hushusha gia kwa kebo inayotoka kwenye kabureta, lakini TH400 hutumia umeme, kwa hiyo utaona tundu la waya upande wa dereva. Upande wa abiria, yaani kulia kwa kuwa usukani wa huku uko kushoto, kuna kikopo cha vakyumu. Kwenye TH350 kiko nyuma. Kwenye TH400 kimesogea mbele.

Tulijua yote hayo, na bado tulikosea. Muuzaji mmoja alituuzia TH400 kwa dola 300. Sampu ilikuwa yenyewe, waya wenyewe, kikopo mahali pake. Tulipoiinua kuifunga, matundu hayakukutana na ya injini. Ilikuwa imetoka kwenye Oldsmobile. Kengele ya mbele ya TH400 imemwagwa pamoja na mwili wake, haifunguki ukabadilisha nyingine, na mpangilio wa bolti wa Chevrolet si ule wa Buick, Oldsmobile na Pontiac. Muuzaji alikataa kuirudisha. Lipo bamba la kuunganishia, lakini Mjomba alipopiga hesabu aliona afadhali kutafuta nyingine. Ile ya kwanza tuliiuza kwa dola 180, na wiki mbili za kazi zikapotea.

Ya pili ilitoka kwenye lori la Chevrolet. Safari hii tulikwenda na kipande cha boksi tulichokitoboa kwa kufuata matundu ya injini yetu.

Kuifunga kulikuwa na kazi zake. TH400 ni ndefu zaidi, kwa hiyo chuma cha kukingama kinachoibeba kwenye chesisi kilisogezwa nyuma. Kichwa cha propela shafti kilibadilishwa, maana cha TH350 kina meno 27 na TH400 inataka 32. Shafti yenyewe tuliipima baada ya giaboksi kukaa, si kabla. Kebo ya kushushia gia ikatolewa, ikawekwa swichi inayojiwasha ukikanyaga mafuta hadi mwisho.

Palipohitaji subira kuliko pote ni konveta, lile duara lililojaa oili linalofanya kazi ya klachi. Lazima uisukume huku ukiizungusha mpaka iingie yote ndani ya pampu. Kabla ya kuifunga kwenye flaiwili, pabaki nafasi ya milimita 3 hadi 5 hivi. Ukilazimisha kwa bolti wakati haijaingia, utavunja pampu kabla hata hujawasha gari. Mwisho Mjomba aliongeza rediata ndogo ya oili, kwa kuwa adui mkubwa wa otomatiki ni joto.

Je, hakuna hasara? Ipo. TH400 haina gia ya nne, kwa hiyo barabara kuu injini inazunguka sana na mafuta yanakwenda. Mrithi wake, 4L80-E ya mwaka 1991, anayo gia hiyo, lakini hubadilishwa na kompyuta, na C10 ya 1972 haina. Mjomba akasema mteja wake wa mbali zaidi yuko maili 12.

Pikapu ilirudi barabarani katikati ya Agosti, na kilima kile tunakipanda kila Jumanne. Mwanachama mwenzangu, ukitaka kununua giaboksi ya zamani, uliza maswali mawili: hii ni ipi, na ilifungwa kwenye injini ya nani? Sisi tuliuliza moja tu.